Kona Isiyo na Mchwa

Wakesho mwanangu,

Umepanda mlimani asubuhi hii kumuaga nyanya yako, na mama yako yuko sokoni, kwa hiyo nyumba ni yangu mimi na kuku. Nimekaa hapa kibarazani na kalamu, nikijua vizuri kwamba jioni utarudi, tutakula pamoja, na kesho nitakusindikiza hadi kwenye treni. Unaweza kuuliza kwa nini mtu amwandikie barua mtoto atakayekula naye ugali baada ya saa chache. Ni kwa sababu mdomo wangu umenikosea sana mwaka huu. Acha nijaribu mkono.

Mambo ya sweta, chandarua na kutomkopesha kila mtu mshahara wako, mama yako ameshakuambia, na atakuambia tena ukiwa mlangoni. Mimi nina jambo moja tu, na hilo moja lenyewe limenichanganya kichwa.

Nyanya yako alinipigia simu jana. Unajua anavyopiga, anaishika simu mbali na uso na kusema kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde. Hakunisalimu sana. Aliuliza, "Mtoto anaondoka kesho kutwa. Umeshamtasia?"

Nikasema bado.

"Usimwache aende na wewe moyo umefunga. Kama uko na neno naye, litoe."

"Sina neno naye, mama."

"Mimi ndiye nilikuzaa," akasema, akakata simu.

Wewe umekulia Voi, na hapa kutasa hukuona mara nyingi, kwa hiyo nikueleze jinsi ninavyoelewa. Mzazi akiwa na hasira na mtoto wake, hasira hiyo humfuata mtoto njiani hata kama haikusemwa. Tena iliyofichwa ndiyo inayofuata zaidi. Kwa hiyo kabla ya safari mzazi anachukua kinywaji, zamani ilikuwa pombe ya miwa, siku hizi hata maji, anasema wazi kilichomkaa moyoni, kisha anapiga funda na kulipuliza nje. Kinachotoka na maji kimetoka. Mchungaji wetu hajawahi kuniuliza kama naamini mambo haya, nami sijawahi kumpa nafasi ya kuuliza. Nikisali kanisani naamini ya kanisani. Nikisikia sauti ya mama yangu kwenye simu, naamini ya mama yangu. Yanakaaje pamoja kichwani mwangu, sijui.

Ingekuwa rahisi kuchukua kikombe kesho, nipulize, niseme sina neno, na wewe upande treni. Najua ni rahisi kwa sababu nilifanyiwa.

Nilipokuwa na umri kama wako niliamua kushuka Voi kufanya kazi kwenye yadi ya nguzo za umeme. Baba yangu alitaka nibaki juu, nilime matuta aliyoyazuia kwa mawe kwa mikono yake mwenyewe. Kwake huku chini kulikuwa nchi ya vumbi na ndovu, mtu anapanda na mnyama anavuna. Tuligombana mpaka majirani wakachoka kusikiliza. Asubuhi ya kuondoka alikuja na kibuyu, akasema, "Sina neno na huyu, aende salama," akapiga funda, akapuliza. Nikamtazama usoni, nikaona taya zimekaza. Alikuwa na neno, tena kubwa. Basi nikaenda. Sikuugua, sikupata ajali, hakuna kilichonifuata njiani ninachokijua. Lakini baba hakukanyaga nyumba yangu ya Voi mpaka alipofariki, na kila nilipopanda kumwona tuliongea habari za mvua. Nilikosa baba huku nina baba. Hilo ndilo ninaloogopa kukufanyia, na ndiyo maana siwezi kushika kikombe kesho kabla sijajua hasa nina nini na wewe.

Sasa nijaribu kujua.

Yadi wewe uliijua ikiwa magofu, mahali pa watoto kuwinda mijusi. Mimi niliijua ikinguruma. Malori yalileta miti ya mikaratusi, tukaimenya magome, tukaikausha, kisha tukaisukuma kwa vitoroli ndani ya tangi refu la chuma. Mlango ulifungwa na dawa ya kijani ikasukumwa kwa nguvu mpaka mti ukanywa ukashiba. Halafu tuliitoa ikichuruzika na kuilaza kwenye kona ya nyuma, juu ya udongo mtupu, mpaka ikauke. Hizo ndizo nguzo zilizobeba umeme hadi Taveta na kwingine. Mikono yetu ilikuwa ya kijani, na wasichana wa mjini walituita majani chai. Mama yako alikuwa mmoja wao, muulize.

Kwetu dawa ile ilikuwa muujiza. Hapa Voi mchwa wanakula mlango, wanakula kitanda, wanakula cheti cha ubatizo ndani ya sanduku. Nguzo iliyokunywa dawa hawaisogelei. Kila mfanyakazi alibeba vipande vilivyobaki. Nilijengea zizi la mbuzi, nikatengeneza fremu za milango, na vile vifupi mama yako alivipikia miaka yote ulipokuwa ukitambaa pale jikoni. Tulijiona watu waliobahatika.

Kiwanda kilipofungwa ardhi ililala muda mrefu. Halafu kaunti wakaja na mpango wa soko na nyumba, na sisi wafanyakazi wa zamani tukafikiriwa kwanza kwenye ploti. Kura iliponiangukia, nilipata ploti ya mbele karibu na barabara, imejaa vichuguu kama chunusi usoni. Rafiki yangu Nyambu, tuliyesukuma naye vitoroli, alipata ile kona ya nyuma. Yeye alitaka mbele afungue duka. Mimi nilitaka kona. Kona ilikuwa safi, haina kichuguu hata kimoja, haina hata nyasi. Tukabadilishana, na nilirudi nyumbani nikiimba, nikidhani nimemwibia Nyambu mchana kweupe. Nilimwambia mama yako kwamba hatimaye tutajenga nyumba ambayo mchwa hawatatumaliza ndani yake. Sidhani kuna watu wengine duniani wangeshangilia udongo ambao hauoti kitu. Lakini mtu aliyelelewa na mchwa huona hivyo, na hata leo, nikipita pale, jicho langu la kwanza bado linasema, hapa ni pazuri.

Halafu mkaja ninyi. Kaunti walitaka ardhi ipimwe kabla ya mtu yeyote kujenga, na ile kampuni ya upimaji ikakuchukua wewe kwa sababu ulikuwa umemaliza chuo na ulizaliwa hapa. Nilijivuna. Niliwaambia watu kanisani kwamba binti yangu anapima udongo, kana kwamba nilijua maana yake. Mlivuta kamba yadi nzima, zikakatana kama wavu, na kila zilipokutana mkazamisha kile chuma cha kuzungusha na kutoa udongo wa juu, wa kati na wa chini, kila mmoja kwenye chupa yake.

Siku mliyofika kwenye kona yangu nilikuja kutazama. Nilikuwa nimeshasikia mnavyosema kwamba dawa yetu ilikuwa na sumu ya aseniki, na kwamba inakaa kwenye udongo bila kwenda popote. Nikaona makutano ya kamba yako katikati kabisa ya ploti, pale pale nguzo zilipokuwa zikichuruzika. Ninakumbuka tulivyosema, na nadhani nawe unakumbuka.

"Sogeza kidogo upande wa ua," nikakuambia. "Hatua chache tu. Hapa ni mawe."

"Sio mawe, baba. Shimo linachimbwa kamba zinapokutana. Sio mimi nachagua."

"Na wewe si ndiye umeshika chuma?"

Ukanitazama, wenzako nao wakanitazama. Ukasema kwa sauti ya chini, "Baba, enda nyumbani. Jua ni kali."

Nikaenda. Na tangu siku hiyo kuna kitu hapa kifuani ambacho nimekiita hasira kwa kukosa jina lingine.

Majibu ya maabara yaliporudi tuliitwa wote kusomewa. Wewe ulikuwa kazini kwingine. Sehemu kubwa ya yadi inafaa kujengwa udongo wa juu ukishaondolewa. Kona ya nyuma haifai, na haifai hata kile kipande cha pembeni kilichochorewa shule ya chekechea, mpaka pachimbwe chini sana na udongo upelekwe mbali. Mbali wapi, hakuna ajuaye. Kila kijiji kilichotajwa kimekataa. Hata mjomba wako wa Mahoo alinipigia kusema, "Shemeji, msituletee huku, sisi tuna ndizi." Siwalaumu. Kwa hiyo kazi yote imesimama, na wengine wanasema pamwagwe zege tu juu, kona yangu iwe maegesho ya malori. Nyumba yangu ya uzeeni iwe mahali malori yanapolala! Ndiyo haya ninayokuambia, sijui nicheke au nifanye nini.

Kwenye mkutano ule mwenyekiti wa kikundi chetu cha wafanyakazi wa zamani alisimama. Akasema labda kuna makosa, labda wapimaji wengine waitwe. "Yule msichana ni mgeni wa kazi," akasema. "Inawezekana alichanganya udongo wa shimo hili na lile. Mzee, wewe ndiye baba, na ploti ni yako. Tuambie."

Mwanangu, mimi nilikuwepo siku ile. Nilirudi nyuma ya ua baada ya wewe kunifukuza na nikatazama mpaka mwisho. Nilikuona ukiosha kile chuma kila baada ya shimo, ukikisugua kwa brashi na kukisuuza, nami nikanung'unika kwamba huyu mtoto anamwaga maji Voi hii ambayo mfereji unatoka siku ukipenda. Nilijua hukuchanganya kitu. Lakini chumba kizima kilikuwa kikinitazama, na wote walitaka kujenga, na mimi pia nilitaka kujenga. Nikakohoa. Hiyo tu. Wakachukua kikohozi changu kuwa jibu, mwenyekiti akashukuru, tukaendelea na mengine.

Voi si mji mkubwa. Kufikia jioni ulikuwa umeshasikia. Ulinipakulia chakula, ukaniwekea maji ya kunawa, nami nikala. Wiki hiyo hiyo ukatuambia umepata kazi Kisumu, kupima viwanja vya viwanda vya zamani huko. Mama yako alifurahi. Mimi nilisema vizuri, vizuri, na mpaka leo sijui kama unaenda kwa sababu ya kazi au kwa sababu yangu. Nimelifikiria hili nikilisha mbuzi, nikinyoa ndevu, hata wakati wa mahubiri. Asubuhi naona ni kazi, jioni naona ni mimi.

Juzi nilimwambia mama yako nina hasira. Akaacha kuchagua maharagwe akaniuliza, "Na nani hasa? Na mtoto, na kiwanda, ama na mchwa?" Nikakasirika zaidi. Lakini swali lilikuwa zuri. Kiwanda sina la kukifanya, wenyewe walishaondoka. Nyambu nilibadilishana naye kwa hiari yangu, na sasa anapanga mawe ya msingi mbele ya vichuguu vyake. Nikipita ananiita ninywe chai, wala hanicheki, na hilo linaniuma kuliko angecheka. Na wewe ulifanya kazi uliyosomea, kwa karo tuliyolipa sisi.

Kuna tena jambo la mikono yangu. Mwezi uliopita ulinishika kiganja mezani, ukakigeuza kwenye mwanga, ukagusa vile vipele vigumu. "Baba, hii ilianza lini?" ukauliza. Nikauvuta mkono nikasema ni jembe. Mimi nimeshika jembe maisha yangu yote, na baba yangu pia, na viganja vyake havikuwa hivi. Nilikuona ukinitazama kwa macho yale yale uliyotazamia udongo, na niliogopa, Wakesho. Niliogopa sana. Nilijiambia mimi ni mzima, nalima, nalala, napanda mlima kwa mama bila kupumzika. Halafu nikakumbuka wenzetu wawili wa vitoroli waliougua. Halafu nikakumbuka wengine wengi ambao hawakuugua. Halafu nikakumbuka jiko la mama yako na wewe ukitambaa kwenye moshi wa vile vipande, na hapo nikaacha kufikiri, nikaenda kufungulia mbuzi. Labda ndiyo maana nilitaka shimo lisogezwe. Si kwa ajili ya ploti peke yake. Kama udongo ni mzuri, basi na miaka yangu yote pale ilikuwa mizuri, na nilichokuleteeni nyumbani kilikuwa kizuri. Huenda nilikuwa nakuomba unifichie hilo. Au ni ploti tu, na sasa najipamba. Sijui, na sitajifanya najua.

Leo baada ya wewe kuondoka nilijaribu. Nilichukua kikombe nikaenda nyuma ya zizi mahali ambapo majirani hawaoni. Nikasema, "Sina neno na Wakesho." Nikapiga funda, na maji hayakutaka kutoka. Nikayameza. Nikasema, "Nina hasira na Wakesho kwa sababu alichimba pale." Hapo nikajiona mjinga, maana ningekuwa mkubwa wenu ningekufukuza kazi kama usingechimba pale. Nikasema, "Nina hasira kwa sababu aliniambia niende nyumbani mbele ya watu." Hilo lilitoka. Ni dogo, ni la aibu, mzee mzima kuchukia kuambiwa jua ni kali, lakini lilitoka kweli na maji yakaruka mpaka kwenye ukuta. Nikangoja nione kama kifua kimefunguka.

Hakikufunguka. Nikasimama pale na kikombe, na kuku wakaja wakidhani nina mtama, ndipo nikaelewa kwamba kilichobaki si changu cha kutoa. Hasira yangu ilikuwa ndogo vile. Kinachonikaba ni chako, kile ulicho nacho juu yangu, ambacho unakificha kila jioni unaponinawisha mikono na kunipakulia chakula. Nyanya yako hakunifundisha cha kufanya katika hali hiyo. Kwetu ni mkubwa anayemtasia mdogo, na hakuna aliyewahi kuuliza mdogo anaweka wapi yake.

Kwa hiyo nimeamua hivi, na kama ni makosa utanisahihisha. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako uisome leo, ili kesho usishtuke. Jumapili kikundi kinakutana tena, nami nitasimama niseme nilichokiona kutoka nyuma ya ua, kwamba uliosha kile chuma kila shimo na kwamba udongo wa kona yangu ni wa kona yangu. Huenda nisialikwe chai na mtu tena isipokuwa Nyambu. Hospitali nitaenda. Usiniulize lini.

Na kesho asubuhi, kabla ya treni, tutasimama hapa uani mimi na wewe na mama yako. Nitatoa langu kwanza, lile dogo la jua kali, utalisikia kwa masikio yako. Kisha nitakupa wewe kikombe. Nyanya yako hatapenda, tutamweleza baadaye. Mimi ndiye niliyekuambia usogeze shimo, na mimi ndiye niliyekohoa. Sema yote uliyo nayo juu yangu, kwa sauti, usipime maneno kwa sababu mimi ni baba yako, halafu upulize. Kama yataisha, utaenda Kisumu kwa sababu ya kazi. Kama hayataisha kwa funda moja, piga lingine. Treni ikituacha tutatafuta basi. Mtungi umejaa, nimeujaza mwenyewe leo.

Baba yako